Bwana Afya Anastaafu, Mashimo Hayajakwisha

Bwana Abasi Nassibu, Bwana Afya wa wilaya yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1979, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa mwaka 1948 kupulizia dawa ya mbu, bomba mgongoni, miguu mitupu ndani ya mitaro ya mji wa Tabora. Anaondoka akiwa na viatu, na baiskeli ya Idara ambayo Jumatatu atadaiwa airudishe, na kazi ambayo haijakwisha. Ratiba ya leo inatutaka tufurahi. Tutaanza na furaha, kwa kuwa anaistahili.

Ni mtoto wa mtaa wa Chemchem, wa fundi cherehani. Baada ya Uhuru alipelekwa mafunzoni, akarudi na kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Tangu hapo amekagua machinjio, mikahawa, visima na vyoo, amechanja watu ndui, amemwaga mafuta machafu kwenye madimbwi yote ambayo mbu wa Tabora waliyaita nyumbani. Sokoni walimbatiza Baba Nzi. Akionekana tu kwenye kona, muuza maandazi wa kwanza anaita, "Baba Nzi huyo!" na vifuniko vya masufuria vinalia mtaa mzima. Wenzake walimwonea huruma kwa jina hilo. Yeye alicheka: "Mimi nikipita, chakula kinafunikwa. Nyie mnaopendwa, mkipita kinafunikwa nini?"

Bi Zamda, mkewe, ana kisa chake. Siku Abasi alipokwenda kwao na wazee kuposa, hata kahawa haijamiminwa, aliuliza choo kiko wapi. Akakaa huko muda mrefu. Wakweze watarajiwa wakaingiwa na huruma, wakampikia uji wa chumvi, wakidhani tumbo limemchafuka. Kumbe alikuwa anapima kina cha shimo kwa kamba. Baba mtu akasema, "Huyu hakuja kuoa, kaja kukagua." Wakampa mke hivyo hivyo, na shimo wakalichimba upya.

Kazi hii haina shukrani. Hospitali inampokea aliyeumwa, ikimponya anarudi na kuku mkononi. Bwana Afya kazi yake ni kwamba mtu hakuumwa. Nani amewahi kuleta kuku kushukuru kwa kuhara ambako hakukumpata? Ndiyo maana kila bajeti ikipungua, mkasi huanzia kwetu, Idara ya Afya. Chokaa kwanza, sabuni baadaye, halafu mafuta ya gari, halafu mtu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hotuba za leo zitalipita kando.

Njia ya kwenda Usinge ni ya zamani, ni ile ya wapagazi. Wazee wa Chemchem bado wanasimulia jinsi ndui ilivyotembea nayo pamoja na pembe na chumvi. Mwaka 1974, upande huo, watu walihamishwa kutoka kaya zao zilizotawanyika msituni, wakapangwa mstari mmoja kama mabehewa. Kijiji kikaitwa Tujitegemee. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imeshapita redioni, agizo likajulikana hata kwa watoto: kila kaya, choo kimoja. Bwana Abasi alikuwa akipanda treni, anateremsha baiskeli stesheni, anaingia porini. Mwaka uliofuata Tujitegemee kilipewa ngao: kaya zote zina choo. Aliyekagua na kuthibitisha ni yeye. Choo kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa cha Mzee Lugembe. Kilifagiliwa, kilipakwa chokaa, kilikuwa na kifuniko chenye mpini. Harufu hakuna. Nzi hakuna. Bwana Abasi alikitaja kwenye kila mkutano.

Mvua za mwanzo wa mwaka 1978 zilileta kipindupindu. Kiliingia Tujitegemee siku ya gulio, na kwa majuma mawili majembe ya kijiji yalichimba makaburi tu. Bwana Abasi alifika na klorini, akaipima kisimani kwa mkono wake, akalala kwenye ghala la tumbaku. Hakuelewa. Kijiji chenye vyoo kaya zote, maji yake yamechafuliwa na nani?

Aliyemjibu ni Tekla, mkamwana wa Mzee Lugembe, aliyekuwa amemzika mwanawe wa kwanza siku iliyotangulia. Alimwambia bila kuinua uso: "Bwana Afya, kile choo ni cha baba mkwe. Mimi nikachuchumae alipochuchumaa yeye? Afadhali nyoka wa bondeni." Na bonde hilo liko juu ya kisima, mvua ikinyesha maji yake hushukia humo. Bwana Abasi akamgeukia mzee, akamuuliza, "Basi wewe unakitumia?" Mzee Lugembe naye akaona haya. "Mwanangu, nyumba zimebanana. Wake wa wanangu wanatwanga pale mlangoni. Mtu mzima nipite mbele yao na kopo la maji, wajue naenda wapi? Kile ni choo cha serikali. Tunakifagia mkija."

Choo cha serikali! Kijiji kizima kilikuwa nacho, kila kaya kimoja, safi kwa sababu hakuna aliyekiingia. Kule msituni kila mtu alikuwa na upande wake wa kichaka, na heshima ya mkwe haikudhuru mtu. Sisi tuliwakusanya, tukawapangia mashimo, na hatukumuuliza hata mkamwana mmoja. Tulihesabu mashimo tukayaita afya. Watu wa Tujitegemee walikufa wakiwa na ngao ukutani.

Wengine wangenyamaza. Bwana Abasi alirudi Tabora, akasimama kwenye kikao akasema: "Mimi ndiye niliyethibitisha. Nilikagua choo, sikukagua watu." Kisha akaomba jambo dogo kabisa: kila kaya mashimo mawili, moja la wazee na moja la wakamwana, na uzio wa matete unaoficha njia ya kila moja. Akajibiwa kwamba lengo limeshatimia, kaya zote zina choo, na anayetaka la pili anarudisha hesabu nyuma. Mkubwa mmoja akamtania mbele ya watu: "Mzee Abasi, mwisho utadai kila mwanakijiji awe na msala wake kama Sultani." Watu wakacheka. Baadhi yao wako humu ukumbini leo, na wanakula vizuri.

Akawa anaenda Tujitegemee kwa likizo zake. Jembe lake, nauli yake, matete ya wanakijiji. Mzee Lugembe alikuwa wa kwanza kuchimba. Tekla alishona uzio wa shimo la wanawake kwa mikono yake, akamwambia Bwana Abasi, "Hili nitaliingia. Ungeliuliza mapema." Kaya zenye mashimo mawili hazijafika nusu ya kijiji. Zilizobaki zinashuka bondeni kila alfajiri, juu ya kisima kile kile.

Aliomba aongezewe muda, kiangazi hiki kimoja tu, amalize kabla ya mvua za Novemba. Amekataliwa, umri umefika. Nafasi yake nayo haijazwi, tumeambiwa vita vimekula fedha. Tunajua vita vimekula. Lakini hata kabla ya vita hatukumpa chokaa. Hakuna atakayepanda treni ile Julai, wala Agosti. Tumewaomba wanakijiji waendelee wenyewe, nao wametuuliza: kwa nini wachimbe la pili, wakati serikali iliwapa ngao kwa lile la kwanza?

Tunamshukuru Bi Zamda kwa kutuazima mumewe. Tunawashukuru wanawe kwa miaka waliyolala baba yao akiwa porini. Tunakushukuru wewe, Bwana Abasi, kwa kila sufuria iliyofunikwa, kila kisima kilichotibiwa, na kila mtoto wa mji huu aliyekua bila kujua kwamba kuna aliyemlinda.

Nenda kapumzike Chemchem, na maisha yako yawe mema na marefu. Hilo tunakutakia kwa moyo wote. Watu wa Tujitegemee hatuna cha kuwatakia. Aliyekuwa na cha kuwapa ndiye tunayemuaga.