Mzee Singano na Nyika Aliyoikataa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Hashimu Singano, mjiolojia mwandamizi wa ofisi yetu ya Lushoto, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Anaondoka katika kitengo kinachochunguza kama eneo fulani linafaa kujengwa kinu cha umeme wa nyuklia, kazi ambayo wengi hawajui kama ipo, kwa sababu mara nyingi matokeo yake ni kwamba hakuna kilichojengwa.

Alianza kwa kupima maporomoko ya udongo kwenye miteremko ya Mponde, akirudi jioni na matope hadi magotini. Kitengo kilipoanzishwa alihamishiwa huko na kukabidhiwa kanuni za usalama. Alitufundisha kwa maneno rahisi. Kabla hujachora kinu, chunguza kama ardhi inatetemeka, kama mlima unaporomoka, mto ukifurika unafika wapi, upepo wa kila msimu unaelekea wapi, na maji ya chini ya ardhi yanakwenda kwenye visima vya nani. Kisha watu: ni wangapi, wako wapi, na siku ya ajali watapataje habari na watatoka kwa njia gani. Swali hilo la mwisho likikosa jibu, eneo halifai, hata mwamba wake uwe imara kiasi gani.

Kazi hiyo hakuiacha ofisini. Mwaka jana, kwenye sherehe ya wafanyakazi kule Irente, alihamisha mafiga mara mbili kwa kuwa moshi ulikuwa ukielekea walipokaa watoto. Bi. Aisha, mpishi wetu, alimwambia, "Mzee, huu ni wali, hauna mionzi." Mzee alicheka, lakini sufuria ilihama. Baadaye upepo ukageuka, moshi ukatujia sote, na dereva wetu Ismaili hajaacha kumkumbusha mpaka leo.

Lipo jambo moja ambalo karani anayeandika haya angependa kulipita kimya, kwa kuwa jarida hili linasomwa na wakubwa, na pia na watu wa kijiji kinachohusika. Lakini kuliacha ni kuandika wasifu wa mtu mwingine.

Eneo Namba Nne liko nyikani, chini ya kijiji alichozaliwa Mzee, upande wa Bungu. Lina mwamba mzuri na maji ya kutosha. Timu ya kuhesabu watu ilikwenda mwezi wa saba, ikakuta mashamba makavu na vibanda vimefungwa, ikaandika kwamba eneo halina wakazi. Haikudanganya. Wakati wa kipupwe watu wote wako juu. Lakini nyumba za watu wa kule ziko mlimani na mashamba yao ya mahindi yako nyikani, na vuli ikianza familia hushuka na masufuria na kuku, zikalala huko hadi mavuno. Wawili kati ya wale waliohesabu ni wenyeji wa milima hii hii. Walihesabu nyumba, haikuwajia kwamba kibanda cha mama zao shambani nacho ni makazi.

Kijiji kilikuwa kimeahidiwa barabara ya lami na zahanati iwapo eneo lingekubaliwa. Mzee aliandika kwamba yeye ni mzaliwa wa hapo, kwa hiyo asiwe miongoni mwa waamuzi, akaomba wengine warudie hesabu wakati wa vuli. Walirudi, wakakuta nyika imejaa watu na njia pekee ya kupandia imekatwa na mvua. Eneo likafutwa. Waamuzi walikuwa kadhaa, lakini kijijini linatajwa jina moja tu.

Wiki ile kaka yake, Mzee Omari, alikuja ofisini. Mzee Singano alisimama, akampa shikamoo, akampisha kwenye kiti chake. Shikamoo haikuitikiwa.

"Tumekusomesha kwa mahindi ya kule chini," alisema Mzee Omari. "Leo unatunyima lami."

"Kaka, vuli hii unalala wapi?"

"Nilale wapi? Si shambani?"

"Basi ndiyo sababu."

"Mimi nimekuja kuuliza barabara, Hashimu. Sijaja kuulizwa ninapolala."

Aliondoka bila kunywa chai. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa mdogo wake, hata kwenye arusi ya Zuhura, binti wa Mzee. Na Mzee hana pengine pa kustaafia. Nyumba aliyoijenga kidogo kidogo iko kijijini, katika ua mmoja na ya kaka yake.

Hatuwezi kuandika kwamba yote yalikwisha vizuri. Barabara haijajengwa. Masika haya wajawazito wamebebwa tena kwa machela kwenye utelezi, na habari hizo zote zimemfikia Mzee. Uamuzi hakuujutia. Kilichomuuma ni kwamba ofisi yenye uwezo wa kukataa eneo haina uwezo wa kupeleka barabara. Aliiomba kwa wahusika zaidi ya mara moja, bila kupata jibu. Alichofanikiwa kubadilisha ni utaratibu wetu wenyewe: siku hizi kitengo hakihesabu watu kwa msimu mmoja.

Tulimwalika Mzee Omari kwenye hafla ya leo ya kumuaga mdogo wake. Bi. Aisha ndiye aliyepiga simu, maana sisi wengine tuliogopa. Alijibu kwamba hawezi kuja kula pilau ya ofisi iliyowanyima barabara, na hilo tumelipokea. Kabla ya kukata aliuliza, "Anahamia lini?" Akaambiwa mwisho wa mwezi.

"Basi mwambieni kipande chake kule chini kimeota magugu. Aje na jembe lake, mimi sitamlimia."

Mzee alipopewa ujumbe huo, alimwomba Bi. Aisha aurudie.

Mzee Singano, tunakushukuru kwa uvumilivu wako kwetu sisi wadogo, na tunasikitika kubaki bila wewe. Tunakuombea afya, magoti yasiyochoka kushuka na kupanda, na vuli njema.