Kiti Ambacho Papa Zacharie Hatakikalia

Miaka thelathini na mitatu ya kazi inakwisha tarehe 31 Julai, siku ambayo Papa Zacharie Lifoli atarudisha ufunguo wa banda la baiskeli. Aliajiriwa na bohari yetu ya chanjo, hapa Kabondo, mwaka 1992, na tangu hapo kazi yake imekuwa moja: kila Jumanne kupeleka sanduku la chanjo kwa baiskeli kwenye barabara ya Yangambi, vituo sita, cha mwisho kikiwa kilomita hamsini na mbili kutoka mjini. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Clémence, ninayetunza majokofu na kupanga barafu ndani ya sanduku hilo, niandike wasifu wenye furaha kwa jarida la ofisi. Furaha ninayo kidogo. Hasira ninayo nyingi, na nitaeleza imetoka wapi.

Tuanze na miguu, maana ndiyo mnayoisifu. Mnasema Mungu alimpa Papa Zacharie miguu ya chuma. Mungu hakumpa chochote zaidi ya alichowapa ninyi. Alizaliwa Yanonge katika familia ya wavuvi, watu wa makasia, na baiskeli alijifunza akiwa mtu mzima. Waliomwona mwaka wa kwanza wanakumbuka kitambi cha bwana harusi na mtu aliyekuwa akihema akifika tu sokoni.

Miguu mnayoiona leo ilitengenezwa hapa uani, mbele ya macho yetu. Ngazi ya tangi la maji ina vidato ishirini na kimoja. Papa Zacharie huipanda na kuishuka mara arobaini kila alfajiri, mkononi bidoni la maji la lita kumi, mvua inyeshe isinyeshe. Mlinzi wetu, Moïse, alianza kumhesabia kwa mzaha akaishia kumhesabia kwa heshima. Alipomuuliza nguvu ya kuamka anaitoa wapi, alijibiwa hivi: "Mwili iko sawa mutoto ya masomo. Ukimuuliza kama anataka kwenda, atasema hapana. Donc, mi simuulizaka."

Mwaka 2009 mkurugenzi wa wakati huo alikwama na gari lake kwenye tope, kilomita ya ishirini. Papa Zacharie akampita, akamsalimia kwa adabu, akaendelea na safari. Kesho yake akapokea barua rasmi ya kutakiwa ajieleze kwa nini hakushuka kusukuma gari la mkuu. Majibu yake yalikuwa mstari mmoja, nayo yamo kwenye faili hadi leo: sanduku lilifika kituo cha mwisho likiwa na nyuzi joto nne. Hakuna aliyemwandikia tena.

Mwaka 2017 goti lilimvimba, daktari akamwambia baiskeli sasa basi. Tukamwambia pole, pumzika, umri umekwenda. Alikaa miezi minane akifanya mazoezi ya kukunja na kunyoosha, ndoo ya mchanga imefungwa kifundoni, mara mia asubuhi na mara mia jioni, uso umekunjamana kwa maumivu. Mwezi wa tisa akachukua sanduku lake.

Mwaka jana ofisi iligundua afya. Tulichapishiwa fulana, tukabandikiwa mabango ya motisha ukutani, tukafanya matembezi ya Jumamosi yaliyoishia kwenye bia na kamundele, mishikaki ya mbuzi. Jumamosi ya pili alikuja mtu mmoja. Mnamjua.

Na mnajua pia kwamba siku ya safari Papa Zacharie hula wima. Ukimpa kiti anashukuru na kukisogeza pembeni. Tumemcheka kwa hilo miaka yote, mimi nikiwa wa kwanza. Nilikuwa namwita Papa Nguzo. Kwa hiyo kamati ilipokutana kuchagua zawadi, ni mimi niliyesema tumnunulie fotei, kiti kikubwa cha kuegemea, ili hatimaye tumkalishe. Watu walipiga makofi, na mkuu wetu, Bwana Landry, akaagiza kwa seremala siku hiyohiyo.

Wiki nne zilizopita nilimfuata bandani kumuuliza anapenda kitambaa cha rangi gani. Aliacha kupaka mnyororo mafuta. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu wa kazini. Ameniruhusu niliandike.

Mwaka 1994 sanduku letu lilikuwa bovu, mfuniko umepasuka na kufungwa kwa mpira wa tairi. Likitoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, barafu ilikuwa maji saa nane mchana. Siku moja, kwenye kilomita ya thelathini, miguu ilimwishia. Mama yake mdogo aliyeishi kando ya barabara akamwita, na kwetu ndugu hapiti mlangoni bila kupewa kiti na sahani. Akala pondu ya majani ya muhogo na samaki. Akaegemea kwenye kiti chenye mto, akijiambia ni dakika kumi tu. Alipofumbua macho ilikuwa saa tisa, na maji yalikuwa yakicheza ndani ya sanduku.

Chanjo haikufaa tena, akageuza baiskeli. Akina mama wa kituo cha mwisho walingoja chini ya paa la kanisa hadi jioni, watoto mgongoni, wakarudi makwao. Siku hizo zamu ya kituo hicho ilirudi baada ya miezi miwili, na surua haikungoja zamu. Ilichukua watoto wawili. Mmoja aliitwa Émilie, alikuwa na miezi kumi na moja. Papa Zacharie anasema hajui kama chanjo ya siku ile ingewaokoa. Anachojua ni kwamba yeye alikuwa amelala.

Nikamuuliza kama hizo alfajiri zote za ngazi alizipenda walau kidogo. "Hata siku moja, Maman Clémence," alinijibu. "Kila asubuhi mwili inakataa. Mi nainukaka tu."

Nilitoka bandani nikiwa nimekasirika, na sijapoa bado. Nawakasirikia wenye mabango, wanaotufundisha kungoja hamu ije ndipo tuinuke. Najikasirikia mimi na mdomo wangu. Namkasirikia na yeye, aliyetuacha tucheke miaka thelathini na mmoja huku amebeba jina la mtoto kifuani. Zaidi ya yote nakasirikia mpango wa baada yake. Mwezi wa tatu tuliletewa pikipiki ya kushika nafasi yake. Katika Jumanne kumi na nane imetoka mara saba, na mara mbili sanduku limerudi na chanjo iliyoharibika. Petroli hakuna, plagi imekufa, barabara imelowa, dereva hajisikii. Jumanne nyingine zote akaenda yuleyule mzee wa miaka sitini na mitano. Sasa anaondoka, na nilipouliza mkutanoni nani ataipanda baiskeli pikipiki ikigoma, watu wazima kumi na tisa waliangalia viatu vyao.

Seremala amekataa kurudishiwa fotei, kwa sababu imeshavishwa kitambaa. Papa Zacharie ameamua mwenyewe: Jumanne tarehe 29, safari yake ya mwisho, ataifunga juu ya kereya ya baiskeli na kuipeleka kituo cha mwisho, akina mama wapokezane kuikalia wanapongoja zamu. Bwana Landry alisema zawadi ya ofisi haitolewi kwa wengine. Nilimjibu maneno ambayo mhariri wa jarida hili hatayachapa.

Jumanne inayofuata, tarehe 5 Agosti, sanduku litatoka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Pikipiki ikiwaka, vizuri. Isipowaka, nitalipeleka mimi kwa baiskeli. Nina miaka arobaini na minne, na baiskeli nilikuwa sijaigusa tangu nimalize masomo. Moïse, anayenihesabia sasa, ni shahidi kwamba nimepanda ngazi ya tangi asubuhi ishirini na saba, na kwamba nimezichukia zote ishirini na saba.

Papa Zacharie, aksanti kwa kila barafu iliyofika ikiwa bado barafu. Tunakutakia maisha mema huko Yanonge, magoti yasiyolalamika, na asubuhi za kulala hadi jua likuchome. Siku ya sherehe kutakuwa na kiti cha plastiki karibu na mlango, nimekiweka mwenyewe. Kaa, Papa. Jumanne imepata mtu wake.