Sauti ya Mama Dozi Iliyokatwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamzungumzia mfamasia. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Dozi. Duka lake la dawa lilitazamana na kituo cha mabasi. Ametutoka wiki hii.

Alipenda kujisomea. Mteja akiingia na simu mkononi, akidai mtandaoni wameandika hivi na vile, hakumkemea. Alivaa miwani, akasema, "Hebu lete tusome wote." Wakasoma wameegemea kaunta. Penye ukweli alikubali. Penye uongo alicheka: "Huyu naye, limau lake linatibu mpaka wivu."

Baadaye akaanza kuwatumia wateja ujumbe wa sauti. Mmoja ulihusu dawa ya kikohozi, ile inayoleta usingizi. Alieleza kipimo cha mtu mzima. Kisha akaonya: mtoto mdogo asipewe kabisa.

Mtu fulani, hadi leo hajulikani, akalikata lile onyo. Narudia, wapendwa: onyo lilikatwa. Sauti ikabaki, ikasambaa simu hadi simu.

Baba mmoja aliisikia. Akampa kijiko kimoja cha dawa ile mwanawe anayenyonya. Mtoto akalala fofofo, pumzi zikawa za kuhesabu. Hospitali walimwokoa. Baba akaja dukani. Hakugomba. Alisema tu, "Mama, nilikuamini. Ilikuwa sauti yako."

Mama Dozi alirekodi ujumbe wa kusahihisha. Waliousambaza ni wachache. Tangu hapo hakurekodi tena. Mteja akimwonyesha simu, aligeukia kabati la dawa: "Kamuone daktari." Kusoma pamoja kukaisha.

Binti yake, naye mfamasia, alimsihi sana. Ananisimulia: "Nilimwambia, mama, ukinyamaza wewe unawaachia uwanja wanaobahatisha. Akanijibu, 'Mwanangu, yule mtoto hakubahatishiwa. Alipewa neno langu.' Nikakasirika, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Hatukulizungumza tena. Nilidhani muda upo."

Msibani, ujumbe ukaingia kwenye simu ya binti. Jirani, kwa nia njema kabisa, alikuwa amewatumia watu wote sauti ya marehemu ili wamkumbuke. Ilikuwa ile ile iliyokatwa.

Binti akaingia chumbani, akafunga mlango. Akaisikiliza, akairudia, kwa kuwa ni mama yake. Kisha akafuta machozi na kuwaandikia wote waliotumiwa: "Maneno ya mama hayakuishia hapo. Mtoto mdogo asipewe dawa hii. Naomba muifute." Naye akaifuta kwenye simu yake.

Kwa binti, kwa wajukuu, na kwa wote waliohudumiwa pale kaunta: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kabla ya kumtumia mwenzetu, tumesikiliza mpaka mwisho? Na ajuaye akinyamaza, nani humwendea akamwomba aseme tena? Mama Dozi alikuwepo dukani kila siku, mlango wazi. Ukimtoa binti yake, hakuna aliyemwendea.