Sahani za Mayai ya Ngege

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Daktari Nzula, wafanyakazi wenzangu wa maabara, Mama Philister, na wageni wote mliokuja kuniaga: mbele yenu amesimama mtu mwenye bahati kuliko wote Nairobi hii. Mimi Mungai, darasa la nne la Kangemi, nimetunza samaki wa chuo miaka kumi na saba, na barua ya onyo sijaiona hata kwa ndoto! Wakubwa wa Lavington hunipigia simu mimi, si wenye digrii, kuniuliza samaki wao wanaumwa nini.

Nani kati yenu anajua samaki anavyojengwa? Daktari alinionyesha kwa darubini. Ndani ya yai la ngege, samaki wetu wa maabara, dogo kama punje ya mtama, kuna seli zinazozaliwa upande mmoja na kazi yao iko upande mwingine, kama sisi wa mtaa wa Satellite tunavyoshuka mjini kila asubuhi. Hazina macho wala ramani. Nani anaziita? Daktari aliamini kwamba seli za mbele hutoa kitu kidogo mno, mfano wa harufu ya nyama ikichomwa, na hizi huifuata inakozidi mpaka zifike. Miaka minne alikitafuta kitu hicho.

Ndiyo sababu sahani za mayai hazikuguswa na sabuni kamwe: chembe yake moja ingeivuruga harufu hiyo na kuziua seli. Maji ya mvua yaliyochemshwa, basi. Aliyeziosha ni Zadock Were, marehemu mume wa Mama Philister, na aliziosha kama mtu anayeogesha mtoto mchanga.

Mwaka wa sabini na nne wakaja wageni wa ng'ambo, waliotaka kuigharamia kazi ile. Tukachungulia darubini: seli zimetawanyika, zimekufa njiani, hakuna hata moja iliyofika. Wageni wakafunga mikoba. Daktari akanusa sahani.

"Sabuni," akasema.

"Si mimi, Daktari." Zadock akanigeukia. "Mzee Mungai, jana jioni ulibaki wewe. Sema basi."

Nami nikafanya ninachokijua, nikachekesha watu. "Were, hata Pilato alinawa mikono mbele ya umati, bwana!"

Wakacheka. Zadock hakucheka. Kabla ya saa sita alikuwa nje ya lango.

Maabara gani ingemchukua tena? Alibeba mawe kwenye majengo ya Mountain View mpaka kifua kikamshinda, na mwaka jana tulimrudisha kwao Butere ndani ya sanduku. Mama Philister, leo umenipikia chai, ukaniita shemeji. Kikombe kile bado kimejaa mezani.

Mkuu wa Chuo, asante kwa saa hii ya mkononi. Daktari, asante kwa darubini. Nyote, asanteni kwa masikio yenu, ila msiyaondoe bado.

Nilitaka wageni waone sahani zinang'aa. Nikaziosha kwa sabuni ya unga, mimi, kwa mikono hii. Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Zadock alifukuzwa badala yangu, na nilijua.