Waya Niliokata Mfupi

Nipeni masikio, Amin na Badi, wanangu mliotoka tumbo moja la marehemu Mishi, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema mara mbili. Badi, nielekezee mimi hilo jicho lako moja. Usimtazame nduguyo kwa chuki hiyo, hakufika hapa kutoka Mnarani kuja kuchinjwa.

Nyumba hii ya Barani ni yenu sawa kwa sawa, na karakana ya Muyeye vilevile. Mkishanizika, anzeni na ule mlango wa wavu, uko wazi mwaka wa nne sasa na mbu wanaingia watakavyo. Msinunue wavu wa plastiki, jua huulegeza na panya huutafuna; wala waya wa bati, hewa ya chumvi itaujaza kutu mara moja. Tafuteni wa alumini. Ulazeni mlango chini, ng'oeni taratibu vile vibao vyembamba vinavyobana waya, kisha kateni waya mpya uzidi fremu kwa vidole vinne kila upande. Vidole vinne, wanangu! Mimi niliacha kimoja.

Ndiyo siku ile ya mwaka wa themanini na mbili. Mimi Faki, niliyekuwa nikiwatukana mafundi wa mji mzima, nilikata mfupi, na badala ya kukiri nikaamuru uvutwe, utafika tu. Juu tulikwisha kupigilia. Amin akaubana kwa koleo akauvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, nawe Badi umeuinamia, misumari mdomoni. Akasema, "Baba, umekata mfupi." Basi, ni hayo tu. Damu ikanipanda, nikainua nyundo nikamtwanga vidole, nikasikia mfupa ukivunjika. Koleo likamponyoka, waya ukaruka ukakupasua jicho.

Ulipokuwa ukigaragara nikapiga kelele, "Amin ameachia!" Naye akanitazama, mkono unachuruzika damu, akanyamaza. Vile vidole viwili asivyoweza kukunja, niliwaambia watu mlango ulimwangukia. Na uliporudi kutoka hospitali ukamvunja taya kwa gongo la mbao, nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nikakuona ukimpiga la pili, na la tatu, na sikusema neno. Akanywa uji miezi mitatu, na hakunitaja. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nimejiumbua mwenyewe, na ninaona haya kuliko ninavyoogopa kaburi.

Huo waya mtauvuta wawili. Amin avute, Badi upigilie, uanze katikati ukienda pembeni, na mwenye hasira siku hiyo asishike nyundo... Nipeni maji. Basi, yatosha.

Badi. Umeinuka. Hiyo ni bakora yangu uliyoishika.

Amin, usisimame mbele yangu. Umenikinga miaka minne, mwanangu, yatosha. Njoo, Badi... njoo karibu, sioni vizuri. Mkono wangu hauinuki tena, hata kujikinga siwezi. Mzazi ndiye hutoa radhi, na leo mimi ndiye niombaye, wala sikulazimishi. Radhi zangu ziwe juu yenu nyote wawili, Mungu awaepushe na moyo kama huu wangu. Na ukinipiga, Badi... nimekwisha kukuwia radhi, usije ukaishi na hofu baada yangu.

Amin... mwache apite.