Mzee Asiyeanguka wa Ganda la Yai

Benchi la mianzi mbele ya duka la chai la Bibi Pang, kwenye kona ya soko la mboga mjini Langzhong, halikosi watu. Siku hiyo Mzee Qiu alifika na mjukuu wake, Xiaoman, wa miaka mitano. Mama wa mtoto alikuwa amerudi kiwandani kusini baada ya sikukuu ya mwaka mpya, na tangu aondoke, Xiaoman hakuwa akipata usingizi. Mzee Qiu hakujua la kumwambia. Alichojua ni kutengeneza mzee asiyeanguka, kidoli kinachosimama tena kila kinaposukumwa, kama alivyotengenezewa utotoni. Basi akaja na yai.

Walilitoboa juu, ute na kiini vikaishia kwenye bakuli la Bibi Pang. Xiaoman akatia mchanga kwa kijiko, wakamvisha mzee wao wa yai kofia ya karatasi, wakamchora masharubu. Kumweka mezani, akalala kifudifudi kama mlevi.

Luo, dereva mstaafu anayeitwa Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua, alicheka hadi akamwaga chai.

— Qiu, kaka, huyo wako ni mzee anayeanguka.

Bibi Pang ndiye aliyewaokoa. Aliwasha mshumaa, akadondosha nta juu ya mchanga ili ushikamane chini. Ilipopoa, akampiga mzee wa yai kibao. Akainama, akayumba, akasimama. Xiaoman akacheka.

Mzee Qiu akajiuliza kwa sauti ni nani aliyebuni kitu hiki. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Profesa alisema kilianzia kwenye meza za walevi wa zamani: kinazungushwa, kikimwelekea mtu, anakunywa. Bibi Pang akasema hapana, watu walikuwa wanamcheka afisa mla rushwa, kila akisukumwa anarudi ofisini. Profesa hakukubali kushindwa. Akaleta hadithi ya jenerali mmoja aliyetaka kuwafundisha askari wake kulala wima.

— Jenerali gani huyo? Jina lake?

— Dada Pang, majina ya watu wakubwa hayatajwi ovyo sokoni.

Kutoka hapo akafika kwenye dunia yenyewe, kwamba nayo ina mchanga na nta tumboni, ndiyo maana hatupinduki. Mzee Qiu alikuwa akisikiliza kwa hamu kweli. Hiyo ya dunia hakuwahi kuifikiria.

Xiaoman akamvuta mkono.

— Babu, sasa yeye akitaka kulala, analalaje?

Profesa akapuliza chai yake iliyokwisha kupoa. Bibi Pang akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Xiaoman akamlaza mzee wa yai kwa ubavu na kumfunika kwa kiganja. Akatulia. Mtoto naye akaegemea meza, kiganja kikiwa palepale, na Mzee Qiu akamwekea mkono mgongoni. Muda si muda, pumzi za Xiaoman zikawa nzito kwa usingizi.

Profesa akakumbuka jina la jenerali. Bibi Pang akamkanyaga mguu chini ya meza.