Misalaba Kumi na Moja Kushoto, Kumi Kulia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, wafanyakazi wa benki hii, Weyzero Mulunesh mke wa mstaafu wetu, nanyi mafundi wenzangu wa soko la Shiro Meda mliojibanza nyuma wakati viti vya mbele vi vitupu: nawasalimu nyote.

Naitwa Asnakech. Ninachora mapindo ya shuka, mume wangu Anjulo anayafuma. Nimepewa dakika tano nimuage Ato Lakew, mwanasheria wenu anayestaafu. Shule nilisoma miaka minne tu, lakini kuhesabu najua, nitatumia nne.

Miaka ishirini na miwili iliyopita Anjulo alikosea hesabu. Pindo la shuka ya harusi likatoka na misalaba kumi na moja kushoto, kumi kulia. Kwa wafumaji wetu, pande zisizolingana ni aibu, na shuka hurudishwa. Bibi harusi akaipenda! Tangu hapo tunalikosea makusudi. Ndiyo alama yetu. Mfumaji gani mwenye akili timamu angeliiga kosa hilo?

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Mwaka Mpya, mteja alishika shuka kibandani kwangu, akaniambia: “Dada Asnakech, nawe umeanza kuiga kalenda ya benki?”

Mimi! Niige!

Nikaja hapa na kalenda mkononi, pindo letu likiwa kwenye kila ukurasa. Ato Bisrat wa idara ya masoko (yule pale, usijifiche nyuma ya maua, tulishapatana) akanijibu: “Mama, hii haikuchorwa na mtu. Akili mnemba imeibuni yenyewe.”

Nikamwuliza: “Na hiyo mashine nayo hukosea hesabu kama mume wangu?”

Ofisi nzima ikacheka. Ato Lakew hakucheka. Alichukua pini, akahesabu msalaba mmoja mmoja, kurasa zote kumi na tatu, maana mwaka wetu una miezi kumi na tatu. Kumi na moja, kumi. Kumi na moja, kumi. Akainua kichwa.

“Bisrat, mashine uliilisha nini?”

“Picha tu, mzee.”

“Za nani?”

Mimi nilizijua. Bisrat alizipigia kibandani kwangu huku akinywa kahawa yangu mizunguko yote mitatu, hadi ule wa mwisho, wa baraka!

Mkurugenzi, niwie radhi, lakini uliyasema mbele yangu: “Lakew, kalenda elfu arobaini zimeshachapwa. Mwanamke mmoja wa sokoni atatufanya nini?”

Naye akakujibu, tena kwa upole: “Tumechukua kazi yake bila kumwuliza. Na tukishikilia kwamba imechorwa na mashine, kesho benki jirani ikiinakili tutakwenda mahakamani kama nani? Mwenyewe tumemkana, na sisi siyo tuliochora.”

Ndugu zangu, mashirika mangapi yana mashine hizo, na mangapi yana mtu mwenye pini? Kama asingehesabu siku ile, leo ningekuwa mwizi wa mchoro wangu mwenyewe, na alama ya nyumba yangu ingekuwa pambo la kila mtu.

Kalenda zile zilibaki stoo. Zikachapwa nyingine, kwa ruhusa yangu ya maandishi, na jina letu chini ya kila mwezi. Sasa hapa hakuna picha inayoingia kwenye mashine kabla ya kuandikwa imetoka wapi, ni ya nani, na mwenyewe alikubali lini. Ato Bisrat ndiye anayejaza karatasi hiyo. Nasikia hata mwandiko wake umenyooka.

Ato Lakew, simama upokee shuka yako. Najua utahesabu, basi nakurahisishia: kushoto kumi na moja, kulia kumi na miwili. Anjulo alinung'unika wiki nzima. Mchoro huu tumeufuma mara moja tu, na karatasi ya hakimiliki iliyokunjwa ndani tumeiandika kwa jina lako. Masoko wakiutaka kwa kalenda ya mwakani, waje kwako wapige hodi.

Nawe, mzee wangu, kahawa wape. Ila simu zao zibaki mlangoni.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, nawashukuru sana. Dakika nne zimetimia.